Ramani Mama ya Itundwa

Leokadia Mgaya alifika kazini saa moja na nusu asubuhi ya Jumanne, akavua koti lililolowa ukungu, akawasha kompyuta, na ramani mama ikakataa kufunguka.

Akajaribu tena. Skrini ikaandika kwa herufi nyekundu: *Faili halisomeki.* Akajaribu mara ya tatu, safari hii polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa ameze dawa. Herufi zikawa zile zile.

Kwa miaka sita alikuwa mtunza ramani wa Hospitali ya Wazazi ya Itundwa, jengo la ghorofa tisa lililosimama kwenye mteremko ambao zamani mhandisi asingethubutu kuweka hata kibanda cha mlinzi. Ardhi ya Itundwa hutembea. Hutembea kidogo tu, unene wa ukucha kwa wiki, na masika huzidi. Jengo lilidumu kwa sababu nguzo zake zilikuwa za saruji sikivu. Ndani ya kila nguzo ilipita mishipa tisini na sita, myembamba kama unywele, na kila alfajiri ramani mama iliitumia mishipa hiyo amri ya siku: nguzo hii ikaze, ile ilegee, ile ya pembeni imbebee jirani yake mzigo mpaka kesho. Nguzo zilitii. Kufikiri hazikufikiri, fikra zote zilikuwa ndani ya faili.

Alfajiri ile amri haikutumwa.

Jana yake saa kumi jioni, radi zikipiga, Leokadia alibonyeza Hifadhi. Umeme ukakatika kazi ikiwa nusu, na betri ya akiba ikachelewa kushika kwa muda wa kufumba na kufumbua. Muda huo ulitosha. Nakala zilizokuwa kwenye seva za miji mingine miwili, zilizowekwa ili kuiga kila badiliko la ramani, ziliiga na ubovu wake. Nakala za zamani hazikuwepo. Mwezi uliopita, mashine ilipokuwa nzito, Leokadia alizifuta ili kupata nafasi. Hakuna aliyemwagiza.

Alikaa dakika nzima mikono ikiwa mapajani. Kisha akaanza kazi.

Alitafuta kwanza nakala ya dharura, ile ambayo programu hujiandikia kimyakimya kila robo saa. Akaipata imejificha kwenye kabrasha la vitu vya muda, akabadili mkia wa jina lake ili programu iitambue, akaifungua. Ilifunguka nusu, ikazima. Akafungua ramani mpya, tupu, akaanza kuvuta humo vipande vizima vya ile mbovu: ghorofa ya tisa peke yake, ya nane peke yake, ngazi, mabomba, milango. Kila kipande kilichoingia kikiwa kizima alikiandika kwa kalamu kwenye daftari. Kilichoiangusha programu alikiwekea alama ya msalaba. Hakula. Saa nane mchana jengo karibu lote lilikuwa limerudi kwenye skrini, linang'aa, na kwa muda mfupi alijisikia vizuri, kama fundi yeyote aliyeona mkono wake umefanya kazi.

Misalaba iliyobaki kwenye daftari ilikuwa ishirini na mbili. Yote ilikuwa nguzo za chini, upande wa mashariki.

Kwenye kompyuta yake ya mkononi, ya siku za ujenzi, alikuwa na ramani ya kwanza kabisa. Haikufaa kitu. Nguzo hizo zilipochimbiwa, mafundi walikuta chemchemi chini ya ardhi, wakalazimika kufunga mishipa upya, kila nguzo kwa namna yake kulingana na maji yalivyopita. Marekebisho yale yaliingizwa kwenye ramani mama tu.

Programu ikamuuliza: *Nikisie sehemu zilizopotea?*

Akabonyeza Hapana. Programu ilikisia vizuri mlango au dirisha. Lakini mshipa ukiunganishwa siko, nguzo iliyoambiwa ikaze italegea, na juu ya nguzo zile ishirini na mbili, ghorofa ya tatu, ndiko ilikokuwa wodi ya watoto njiti.

Akampigia simu Mhandisi Kyando.

* * *

Mhandisi Rabieli Kyando ndiye aliyesimamia ujenzi wa Itundwa toka shimo la kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mvi za mapema, na alipoingia ofisini alisoma lile daftari la misalaba ukurasa kwa ukurasa kabla ya kusema neno.

"Zitashika amri ya jana mpaka lini?"

"Kwa mvua hizi, siku tisa. Baada ya hapo mzigo wa mashariki utazidi."

"Tukizipiga picha za mionzi?"

"Saruji sikivu inameza mionzi, Mhandisi. Tutaona giza."

Kyando akafunga daftari. "Basi iko njia moja. Kofia."

Leokadia alijua atasema hivyo. Alikuwa amelifikiria neno hilo toka saa nane, na kila lilipomjia alilisukuma kando.

Kofia ngumu walizovaa mafundi wakati wa ujenzi zilikuwa na jicho na sikio. Zilirekodi kila kilichofanywa na kila kilichosemwa, toka kengele ya asubuhi mpaka ya jioni. Mwaka wa kwanza mafundi waligoma siku nne kwa sababu ya kofia hizo. Mtu akiwa kazini, walisema, huongea na mkewe kwenye simu, husali, humteta bosi, hulia; nani atakayesikiliza yote hayo? Siku ya nne Leokadia alitumwa kwao. Alipanda juu ya rundo la nondo, akawasomea makubaliano, kisha akaiweka karatasi chini na kusema kwa maneno yake mwenyewe: "Kofia ya mtu haitafunguliwa mpaka mwenyewe aseme ndiyo." Wakarudi kazini. Jengo lilipokwisha, kofia zilifungiwa ghalani, na kufuli la kumbukumbu zake likawa la vidole viwili kwa pamoja, cha mkuu wa mradi na cha mtunza ramani.

"Tunafungua za upande wa mashariki peke yake," Kyando alisema. "Tunatazama mikono tu. Sauti tunazima. Dakika chache kwa kila nguzo, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Leokadia, juu kuna watoto."

Walipanda wote wawili mpaka ghorofa ya tatu, kwa Matroni Kristina Mlowe, aliyewasikiliza huku macho yake yako kwenye mashine za joto nyuma ya kioo.

"Nina njiti ishirini na watatu," Matroni alisema. "Kumi na mmoja wanapumulia mashine. Hospitali nyingine ya kuwapokea ni saa nne kwa barabara ya mlimani, na hii ni masika. Mkiniambia nihame, nitahama. Ila wawili au watatu sitawafikisha, na sijui watakuwa wepi." Akagusa kioo kwa ncha ya kidole. "Sitawaambia mfanye nini. Nawaambia nilicho nacho."

Wakiteremka ngazi, Leokadia alisimama.

"Nipe siku nne, Mhandisi. Niwaombe wenyewe."

"Na wakikataa?"

Alitamani awe mtu wa kusema neno lake ni neno lake, liwalo na liwe. Lakini alikuwa ametoka kuwaona watoto wenye mapaja membamba kama vidole vyake.

"Jumamosi saa tatu asubuhi nitaweka kidole," alisema. "Kisha nitawaita wote, niwaambie mbele yao kwamba nimewavunjia ahadi."

Kyando alinyoosha mkono, wakashikana. "Sawa. Jumamosi saa tatu."

* * *

Jioni ile ile redio ya Itundwa ilimpa dakika mbili kabla ya taarifa ya habari.

"Jina langu ni Leokadia Mgaya, mtunza ramani wa Hospitali ya Wazazi. Ramani ya jengo imeharibika, na juu ya nguzo zake za mashariki wamelazwa njiti ishirini na watatu, kumi na mmoja wanapumulia mashine. Nakala za zamani ambazo zingetuokoa nilizifuta mimi, si mtu mwingine. Kilichopotea kimo ndani ya kofia za mafundi wa mashariki. Niliwaahidi hatutazifungua bila ninyi, kwa hiyo nawaomba. Atakayesema hapana hataulizwa kwa nini."

Kyando alimngoja nje ya studio. "Ile ya kufuta nakala ungeweza kuiacha."

"Ningeweza," alisema Leokadia.

Alfajiri ya Jumatano walikuwa wameshafika mafundi watano. Walikuja na makoti ya mvua na buti za shamba, wakakaa kwenye kantini ya hospitali ambako kofia zilikuwa zimepangwa mezani, za njano, zimejaa vumbi. Kila mmoja aliitafuta yake kwa jina, akaipangusa kwa kiganja, akaweka kidole chake mwenyewe mahali pa kuthibitisha ndiyo ya mwenye kofia. Leokadia na Kyando wakaweka vyao. Mwenye kofia alitazama kwanza peke yake, nyuma ya pazia, kisha akaonyesha sehemu aliyotaka ionekane.

Upendo Sanga, aliyefunga nguzo ya tatu na ya nne, alitoka nyuma ya pazia anacheka mpaka machozi. "Onyesheni yote," alisema. "Ila Fomeni Haule aondoke kwanza."

"Siondoki," alisema Fomeni Haule, mzee mnene aliyekuwa na kikombe cha chai mkononi.

Wakaonyesha. Kwenye skrini mikono ya Upendo ilikwenda mbio kati ya nondo, ikivuta mshipa, ikizungusha, ikikata, na sauti yake ikimlinganisha fomeni na kila mnyama wa porini mwenye kiuno kipana. Kantini nzima iliangua kicheko. Haule alikunywa chai yake taratibu, kisha akasema, "Matusi sikuyapenda. Lakini tazameni huo mkono. Nani alimfundisha?"

"Wewe, Fomeni."

"Haya."

Leokadia hakuinua kichwa. Alinakili mshipa mmoja mmoja kutoka kwenye picha kwenda kwenye ramani: wa kwanza umekwenda kwa wa thelathini, wa pili umepita chini ya wa tisa. Nguzo ikikamilika, aliipeleka kwenye ukaguzi. Kila nguzo jengoni ilisema yenyewe uzito iliobeba, na ramani ikiwa sahihi, hesabu ya programu na kauli ya nguzo zililingana, alama ikawa ya kijani. Kila kijani kilipowaka mafundi walipiga meza.

Wengine walijibu kutoka mbali. Mmoja alikuwa darajani Kigoma, mwingine Mtwara, wakaweka vidole kwenye simu zao, na kofia zao zikafunguka Itundwa. Fundi Alanus Ngimbudzi alikuwa ameshafariki, mwaka wa pili sasa. Akaja mjane wake, amevaa kitenge cha zambarau, akaomba kutazama peke yake. Alikaa nyuma ya pazia zaidi ya saa moja na hakuna aliyemharakisha. Alipotoka alisimama mbele ya watu wote.

"Fungueni," alisema. "Watu waone alivyokuwa anafunga."

Waliona. Alikuwa na mikono mikubwa isiyo na haraka, na kila baada ya fundo aliligonga kwa kucha mara mbili, kulisikiliza. Fomeni Haule alivua kofia yake ya sufu na hakuivaa mpaka picha ilipokwisha.

Alhamisi jioni kijani kilikuwa ishirini na moja. Msalaba mmoja ulibaki, nguzo ya kumi na nne. Kofia yake ilikuwa ya Osmundi Chaula, na Osmundi hakuwa amekuja.

* * *

Osmundi aliishi juu ya mji, kwenye shamba la pareto. Leokadia alikwenda kwa pikipiki Ijumaa asubuhi, akamkuta anapalilia, mwanamume wa miaka sitini hivi, mfupi, mabega bado ya kazi.

"Kamwene, Fundi," alimsalimu kwa lugha ya huko.

"Kamwene, Mama Ramani." Ndivyo mafundi walivyomwita. Aliegemeza jembe, wakakaa kwenye kibaraza cha nyumba. Mkewe aliwaletea viazi na chai, akawaacha.

"Redio niliisikia," Osmundi alisema. "Kofia yangu msiifungue."

"Sawa."

Alimtazama kama mtu aliyejiandaa kubishana akakosa wa kubishana naye. "Huniulizi kwa nini?"

"Nilisema sitauliza."

Osmundi alimenya kiazi, asikile. "Ile nguzo niliifunga peke yangu, siku nzima. Wenzangu walikuwa wamehamishiwa magharibi. Siku ile nilikuwa na maneno yangu. Aliyeyasikia ameshayasikia, inatosha."

Leokadia alishika kikombe kwa mikono miwili. Lililobaki lilikuwa gumu kulisema, akalisema. "Kesho saa tatu nitaifungua, Fundi. Sikuja kukutisha. Nimekuja ulisikie kwangu, usilisikie kwa mtu."

"Kwa hiyo hapana yangu haina kazi."

"Ina kazi mpaka kesho saa tatu."

"Hiyo siyo hapana, Mama Ramani. Hapo umenisubirisha tu."

Maneno yale yalimwingia kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu aliyeyasema hakupandisha sauti. Alifikiria kumwambia habari za watoto kumi na mmoja wa mashine za kupumulia, akajizuia. Alikuwa amezitaja redioni mara moja. Kuzirudia hapa, kwenye kibaraza cha mtu, kungekuwa kumkaba koo. Akainuka, akaaga, akafika kwenye pikipiki.

"Ile fremu ya mazoezi," Osmundi aliita. "Ipo bado?"

Ilikuwa fremu ya nondo yenye matundu tisini na sita, ambayo mafundi wapya walijifunzia kufunga mishipa.

"Ipo ghalani."

"Waambie waisafishe. Kichwa kimesahau mengi. Mikono sijui."

* * *

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi fremu ilisimamishwa kwenye ghorofa ya chini ya ardhi. Mafundi wengi hawakuwa wamerudi makwao. Walikaa kwenye ngazi. Kyando alisimama karibu na mlango, saa yake mkononi.

"Mishipa tisini na sita, miaka mitatu imepita," alimnong'oneza Leokadia. "Hakuna binadamu anayeweza."

"Labda."

Osmundi alivua koti, akakunja mikono ya shati. Alianza kwa kusitasita, akashika kasi. Leokadia aliingiza kila fundo kwenye ramani. Ilipofika saa moja na dakika arobaini alikuwa amemaliza, na ramani ikapelekwa kwenye ukaguzi.

Nyekundu. Na haikuwa nyekundu ya kukosea kidogo: nguzo ilisema uzito mmoja, programu ikasema mwingine kabisa.

Mtu kwenye ngazi alishusha pumzi. Kyando akamsogelea Osmundi, akamshika bega kwa heshima. "Umejitahidi, Fundi. Hakuna atakayekulaumu." Kisha akamgeukia Leokadia. "Twende ghalani."

Leokadia alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa bado saa moja na kitu. "Muda haujafika, Mhandisi."

"Utabadilisha nini?"

"Sijui. Lakini haujafika."

Osmundi hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amerudi nyuma hatua tatu, anaitazama fremu, kisha ukuta, kisha fremu tena. "Mlima uko wapi?" aliuliza.

"Mlima?"

"Humu chini sioni. Mlima uko upande gani?"

Fomeni Haule akanyoosha mkono, akaonyesha nyuma ya mgongo wa Osmundi. Osmundi akapiga kofi moja, akacheka kwa mara ya kwanza. "Mmeniweka nimeupa mgongo! Siku ile tulikuwa hatujaezeka, nilikuwa nautazama siku nzima. Kulia kwangu kote kumekuwa kushoto. Igeuzeni!"

Wanaume wanne waliruka kutoka kwenye ngazi, wakaigeuza fremu. Osmundi akafungua mafundo yote, akasimama akiukabili mlima ambao haukuonekana, akafumba macho.

Safari hii mikono haikusita. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayesuka ukili akiwaza mambo mengine. Vidole vilijua njia. Thelathini. Arobaini na tano. Leokadia aliandika mbio, hakudiriki hata kupangusa jasho.

Kwenye mshipa wa sitini na moja mikono ilisimama.

Osmundi alibaki amefumba macho, mshipa kati ya vidole viwili. Midomo yake ilianza kucheza bila sauti. Alikuwa akimwambia mtu kitu, kirefu, kwa utulivu, na chozi moja lilimtoka likapita kwenye mfereji wa shavu mpaka kidevuni. Kyando aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Leokadia aligeuza uso kwenye skrini ili asije akasoma midomo ile hata kwa bahati mbaya.

Kisha mkono ukavuta mshipa, ukaufunga, ukaenda kwenye wa sitini na mbili.

Alipomaliza ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Leokadia alibonyeza Kagua. Kiduara kikazunguka. Nguzo ya kumi na nne ikasema uzito wake. Programu ikasema wake.

Kijani.

Kelele zilizopigwa mle chini zilisikika mpaka mapokezi. Upendo Sanga alimrukia Osmundi shingoni, Haule akawa anapiga ukuta kwa kofia yake ya sufu, na Kyando, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikumbatia mtu, alimkumbatia fundi wa mishipa mpaka koti lake likachafuka grisi.

"Subirini," Leokadia alisema. "Bado sijatuma."

Akabonyeza Tuma.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha kutoka chini ya miguu yao ukatoka mlio mzito, wa taratibu, kama kundi la ng'ombe linaloinuka baada ya kulala. Ulipanda nguzo moja hadi nyingine, ukapita kichwani, ukaenda zake ghorofani. Simu ya Leokadia ikalia. Alikuwa Matroni Kristina.

"Vioo vyangu vimetikisika. Nini hicho?"

"Ni jengo, Matroni. Linakaa vizuri."

"Watoto hata hawakuamka," alisema Matroni, na Leokadia alimsikia akikalia kiti kwa nguvu, kama mtu ambaye hakuwa amekaa toka Jumanne.

* * *

Kila nguzo kwenye ramani mama ina nafasi ya jina la mchoraji. Kwa zile ishirini na mbili, Leokadia aliandika majina ya mafundi waliozifunga, na la marehemu Alanus likiwemo. Kyando aliyasoma begani kwake.

"Sheria inataka mchoraji awe na leseni."

"Walioichora ni hawa."

Kyando alifikiri. "Acha ilivyo," alisema. "Wakiuliza, waje kwangu."

Leokadia aliandika ripoti yake mwenyewe, na sehemu ya nakala alizozifuta hakuipunguza. Bodi ya hospitali ikamwondoa kwenye ramani kwa miezi mitatu, akasome upya utunzaji wa nakala, na ikaamuru nakala moja ya kila wiki ikae nje ya mtandao, mahali ambapo mkono wa mtu mmoja hauwezi kuifuta. Aliona ni haki. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Alijua kwamba dakika kumi zaidi zingemfanya aweke kidole, na alikuwa amelisema hilo kwa Osmundi usoni. Alikuwa bado hajajua kama angesamehewa, wala kama alistahili.

Jumatatu aliomba kidole cha Kyando kwa mara ya mwisho. Wakafungua kofia ya Osmundi bila kuiwasha, wakatoa kijiwe chake cha kumbukumbu, kidogo kama punje ya mahindi, na Leokadia akakiweka kiganjani mwa mwenyewe.

"Hakuna nakala," alisema. "Ni hiki kimoja tu."

Osmundi alikigeuza, akakitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Mama Ramani," alisema, "Jumamosi ile ungefungua kweli?"

"Ningefungua."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayepima fundo. "Ulikuja kuniambia mwenyewe. Wengine wasingekuja." Akampa mkono.

Kabla ya kurudi shambani aliomba kuiona nguzo yake. Alikuwa hajaingia hospitali toka ilipofunguliwa. Leokadia akampeleka ghorofa ya chini, kwenye ukumbi wa mapokezi. Nguzo ya kumi na nne ilikuwa imepigwa lipu na rangi ya maziwa, haionyeshi chochote. Mishipa ndani yake ilikuwa kazini, na kwa hiyo ilitoa joto kidogo, na asubuhi ile ya baridi wajawazito na akina mama wenye vichanga walikuwa wamejipanga kuizunguka wakiwa wameipa migongo.

Osmundi alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Mama mmoja kijana, anayenyonyesha, akamwona, akasogea.

"Njoo hapa, baba, kuna joto. Egemea tu, haianguki."

"Najua," alisema Osmundi, akaegemea.